Nyumba Njema Si Mlango



Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo tufungue mlango huo pamoja, kwa maana ziko ndoa nyingi zinazosifiwa parokiani ilhali ndani hakuna ukweli.

Tuchukue mfano. Mume ni mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, na mkewe huimba katika kwaya. Siku ya harambee ya kujenga kanisa, mume anaitwa mbele kwa jina. Watu wote wanamtazama. Anatoa shilingi 30,000, na vigelegele vinasikika. Kumbe fedha hizo ni karo ya mtoto. Muhula unapoanza, mtoto anarudishwa nyumbani. Mama anauliza, "Baba watoto, si uliniambia umelipa?" Anajibiwa kwamba shule imekosea hesabu. Jumapili rafiki anapouliza mbona mtoto hayuko shuleni, mama anasema ni mgonjwa. Naye kwa sasa ameshajua ukweli.

Kulichangia kanisa si dhambi, ni wema. Dhambi iliingia pale mume alipotaka kuonekana kuwa na uwezo asiokuwa nao, akamnyima mtoto haki yake, kisha akamdanganya mkewe. Mke naye alitaka kulinda jina la nyumba yake, akaingia katika uongo huo huo.

Jambo hili si geni. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 5, tunasoma habari za wanandoa Anania na Safira. Barnaba alikuwa ameuza shamba lake na kuleta fedha kwa Mitume. Wao pia waliuza mali yao, wakaficha sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Petro alimwonyesha Anania kwamba mali ilikuwa yake, na hata baada ya kuiuza fedha zilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemlazimisha. Kosa lao halikuwa kutoa kidogo bali kusema uongo mbele ya Mungu.

Tusisahau sehemu ya Safira. Alifika kama saa tatu baadaye, bila mumewe. Petro alimwuliza bei waliyouzia. Alikuwa na nafasi ya kusema kweli, akarudia neno walilopatana nyumbani. Mapatano ya mume na mke ni kitu kizuri, lakini wakipatana kuficha dhambi wanaangamia pamoja. Mke mwema au mume mwema si yule anayeifunika dhambi ya mwenzake. Ni yule anayemsaidia kuiacha.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tuite dhambi kwa jina lake. Wengi wetu tunapokwenda kuungama tunasema, "Padre, nimekasirika, nimekosa subira," na lile jambo lenyewe tunarudi nalo nyumbani. Wengine huungama dhambi za mwenzao: "Nilimtukana, lakini yeye ndiye alianza." Sheria ya Kanisa, kanuni ya 988, inatudai tuungame kila dhambi kubwa tunayoikumbuka, aina yake na mara ngapi tumeitenda. Tusiogope watu watasema nini. Kanuni ya 983 inamkataza padre kabisa kutoa siri ya kitubio, kwa neno au kwa njia nyingine yoyote.

Pili, tumwambie mwenzetu yale yanayomhusu. Si lazima kila wazo baya lisimuliwe nyumbani. Lakini deni, fedha za nyumba, ugonjwa unaoweza kumwambukiza, au mtoto wa nje ni mambo yanayogusa maisha yake, na ana haki kuyajua. Ugonjwa usingoje hata siku moja. Kwa mambo ya zamani yaliyo mazito, kama vile kutokuwa mwaminifu, ongea kwanza na padre mwenye busara juu ya namna ya kuyasema.

Tatu, turekebishe tulichoharibu. Katekisimu inafundisha kwamba maondoleo hufuta dhambi lakini hayaondoi madhara yake yote. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne alichochukua kwa hila. Padre akikuondolea dhambi, karo bado haijalipwa. Nenda shuleni, onana na mwalimu mkuu, omba kulipa kidogo kidogo.

Nne, tusifanye toba kuwa harambee nyingine. Hakuna anayekudai utangaze dhambi zako mbele ya jumuiya. Mtu anaweza kujishutumu hadharani ili asifiwe kwa unyenyekevu wake, na hapo amerudi pale pale. Mtoza ushuru katika Luka sura ya 18 alisimama mbali, hakumtafuta mtu wa kumtazama. Ndiye aliyerudi nyumbani akiwa na haki mbele ya Mungu.

Nawe unayeambiwa ukweli, una kazi pia. Unaweza kulia, unaweza kukasirika, na msamaha unaweza kuchukua muda. Lakini usiipeleke habari hiyo kwenye chama wala kwa mama mkwe, na usiirushe kila mnapogombana. Ukifanya hivyo, unamfundisha mwenzako kwamba uongo ulikuwa salama zaidi. Hata hivyo, siri ya nyumba isitumiwe kuficha kipigo au hatari kwa watoto. Hapo tafuta msaada mara moja.

Yule mume wa mfano wetu angeweza kuanza kwa maneno machache: "Mama watoto, karo sikulipa. Nilitaka watu wanipigie makofi. Nisamehe, na kesho tuende shuleni pamoja." Naye mke aongeze, "Nami nilisema mtoto ni mgonjwa." Jioni hiyo itakuwa ngumu. Lakini tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wao atakayeogopa swali la jirani.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

1. Je, kuna jambo tunalofanya kwa sababu tu ya macho ya watu?

2. Je, kuna uongo ambao tumepatana kuusema?

3. Je, mwenzangu anaweza kuniambia kosa lake bila kuogopa kwamba nitamwaibisha?

4. Tutakwenda lini kuungama?