Akiba ya Uzeeni: Kuhamahama Kati ya Hisa na Fungu la Salama



Somo letu la safari hii linahusu swali ambalo wenzetu wa Marekani huulizana kila bei za hisa zinapoporomoka. Je, mfanyakazi aitoe akiba yake ya uzeeni kwenye hisa, aiweke mahali salama, kisha airudishe mambo yakitulia? Tumechukua mfano wa watumishi wa serikali kuu ya nchi hiyo, kwa kuwa hesabu za akiba yao hutangazwa wazi.

Mpango wao huitwa Thrift Savings Plan, nao uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara, na akichanga asilimia 5 serikali nayo humwongezea asilimia 5. Fedha hizo huwekwa katika mafungu, na mwenye akiba ndiye huchagua fungu. Fungu la G ni mkopo kwa serikali: faida yake ni ndogo, lakini fedha iliyomo haipungui hata senti moja. Fungu la C ni hisa za makampuni makubwa yapatayo 500. Hilo hupanda na kushuka kama bei ya chai mnadani.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mfanyakazi alikuwa na dola 10,000 katika Fungu la C mwishoni mwa 2007. Mwaka 2008 fungu hilo lilishuka asilimia 37, akabakiwa na 6,300. Akashikwa na hofu, akahamia Fungu la G. Mwaka 2009 hisa zilipanda karibu asilimia 27, na yeye hayumo. Kufikia mwisho wa 2012, katika G alikuwa na karibu dola 6,900. Mwenzake ambaye hakugusa kitu alikuwa na karibu 10,900.

Tusifiche upande wa pili. Aliyetoka mwishoni mwa 2007 na kurudi mwishoni mwa 2008 angefikisha karibu 17,900 kwa kipindi hicho hicho. Hapo ndipo tamaa inapoingia. Lakini mtu huyo alipaswa kubahatisha mara mbili, siku ya kutoka na siku ya kurudi, na kurudi ndiko kugumu zaidi. Bei za hisa zilifika chini kabisa Machi 2009, wakati magazeti yalikuwa yamejaa habari za watu kuachishwa kazi. Nani angekuwa na moyo wa kununua siku hizo? Tena siku za kupanda na za kushuka hufuatana bila taarifa. Tarehe 13 Oktoba 2008 hisa hizo zilipanda zaidi ya asilimia 11 kwa siku moja; siku mbili baadaye zikaanguka asilimia 9. Aliye nje hukosa siku ya kwanza, na anayekimbilia ndani hupigwa na ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa chama hatuwezi kulipita. Baadhi ya wanachama wa mpango huo walikuwa wakihamisha fedha karibu kila siku, na gharama za kununua na kuuza zikaangukia wote, hata yule asiyehama kamwe. Basi mwaka 2008 ikawekwa kanuni: mwanachama ahame mara mbili tu kwa mwezi, na baada ya hapo aruhusiwe kuhamia Fungu la G peke yake. Kwa maoni yetu kanuni hiyo ilikuwa ya haki.

Hatusemi kwamba hisa zinamfaa kila mtu. Kijana wa miaka 25 anaendelea kuchanga, na bei ikishuka mchango wake hununua hisa nyingi zaidi. Mzee aliyebakiza mwaka mmoja hana muda wa kungoja bei zipande tena. Kwa ajili hiyo tangu 2005 yapo mafungu ya L, ambayo hupunguza hisa kidogo kidogo kadiri mwaka wa kustaafu unavyokaribia, bila kuangalia bei ya leo wala ya jana.

Je, sisi Uganda? Katika NSSF mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri hulipa asilimia 10, lakini mwanachama hachagui fungu. Shirika lenyewe ndilo hugawa fedha: sehemu kubwa huikopesha serikali, nyingine hununua hisa, nyingine majengo na ardhi. Kwa hiyo swali la kuhama au kutohama huamuliwa mezani kwao, na katika bodi wamo wajumbe wa vyama vya wafanyakazi. Hao ndio wa kuulizwa kwenye mikutano ya matawi: mwaka huu hisa zimeuzwa au zimenunuliwa, kwa bei gani, na kwa sababu ipi?