Plagi ya Boti: Kusafisha au Kubadilisha?

Injini ikizimika njiani kati ya Lamu na Kizingitini msimu wa kusi, boti iliyojaa abiria hubaki ikisukumwa na mawimbi. Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo tu: plagi.

Injini zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili huchafua plagi upesi. Plagi ikitoka nyeusi na imelowa, nahodha aangalie kwanza kama oili imezidi, la sivyo hata mpya itachafuka vilevile. Masizi husuguliwa kwa brashi na petroli kidogo, mbali na moto, plagi ikaachwa ikauke, kisha nafasi kati ya ncha zake ikapimwa kulingana na kitabu cha injini. Msasa haufai. Chembe zake zikiingia ndani hukwaruza silinda.

Lakini kusafisha ni kwa ajili ya kufika bandarini tu. Kauri yake nyeupe ikipata ufa, ncha ikilika, au chuma kikishikwa na kutu ya chumvi, plagi hiyo ni ya kutupwa. Zibadilishwe zote pamoja, za namba ileile. Seti mpya na spana yake zikae botini, ndani ya mkebe usioingia maji.