Kutoka Kibagabaga hadi Bologna: Vidokezo 10 vya Kuomba Chuo Kikongwe cha Italia

Bologna wanahesabu miaka ya chuo chao tangu 1088. Padova ni 1222, Napoli 1224, Roma 1303. Ukizisoma tarehe hizo ukiwa umeketi barazani Kibagabaga, hapa Kigali, ni rahisi kudhani vyuo hivyo vimewekewa wana wa wafalme. Thubutu! Ni vyuo vya umma, na vingi hupanga ada kwa kuangalia mfuko wa mzazi. Wengi wanaokwama wakiomba kutoka Kigali wana alama nzuri tu. Kinachowakwamisha ni tarehe na karatasi. Na hayo mawili, ndugu msomaji, yako mikononi mwako. Haya, kamata kalamu.

1. Jua kwanza unapita mlango upi

Milango ni miwili. Raia wa Umoja wa Ulaya haombi viza, halazimiki kujiandikisha mapema kwenye tovuti ya Universitaly, na mara nyingi hupewa muda mrefu zaidi wa kuomba. Mnyarwanda anayeishi Rwanda anapita mlango wa pili, wenye foleni ndefu kidogo. Lakini ngoja! Kigali hii ina familia nyingi zilizorudi kutoka Ubelgiji na Ufaransa, na Rwanda inaruhusu uraia pacha. Kama kabatini mwa mama kuna pasipoti yako ya Ubelgiji, basi kwa Waitaliano wewe ni mwanafunzi wa Ulaya, hata kama ulizaliwa hapo hapo hospitali ya Kibagabaga. Itazame leo isije ikawa imekwisha muda. Usijisahau tu: cheti chako cha sekondari, A2, kinabaki cha Rwanda, kwa hiyo kidokezo cha 5 kinakuhusu pia.

2. Penda kimoja, omba vitatu

Kila chuo kina tovuti yake ya maombi, na hakuna anayekukataza kuomba Bologna, Padova na Pisa kwa mwaka mmoja. Kikomo kinakuja baadaye: kwenye Universitaly, ambako ndiko safari ya viza inakoanzia, unachagua kozi moja tu kwa mwaka wa masomo. Ujanja ni huu: omba vyuo vitatu, subiri majibu, kisha peleka Universitaly kile kilichokukubali kwa masharti mazuri. Shahada ya kwanza huchukua miaka 3, na ile ya pili miaka 2. Ili kuanza ya kwanza wanataka uwe umesoma miaka 12, na mfumo wetu wa 6, 3 na 3 unatimia barabara. Kozi za Kiingereza zipo nyingi, hasa za shahada ya pili. Unautaka udaktari wa tiba kwa Kiingereza? Huo una mtihani wake, IMAT, unaofanyika mara moja tu kwa mwaka. Ukikupita, umekupita.

3. Anza wakati wenzako wanasema "bado mapema"

Masomo Italia huanza Septemba au Oktoba. Ukianza kufuatilia Juni, umechelewa. Anza Oktoba ya mwaka unaotangulia, kwa sababu baadhi ya vyuo hufungua milango ya waombaji wa nje ya Ulaya mwishoni mwa mwaka na kuifunga mapema mwaka unaofuata. Kwenye kila tovuti tafuta sehemu ya wasio raia wa Umoja wa Ulaya wanaoishi nje ya Italia. Tarehe za humo ndizo zako, si zile kubwa za ukurasa wa mbele. Na angalia saa! Muda wa mwisho mara nyingi ni adhuhuri ya Italia. Katika miezi yao ya baridi Kigali iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo saa 12:00 ya Roma kwetu ni saa saba mchana. Ukiisoma kama saa kumi na mbili jioni, utakuta tovuti imefungwa na hakuna wa kumbembeleza.

4. Jina lako liwe moja kila mahali

Hapa Wanyarwanda tunajikuta na kazi ya ziada. Kwetu baba ana jina lake, mama lake, na watoto wanne wa nyumba moja wana majina manne tofauti. Karani wa Italia amezoea jina la ukoo linalotoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Akiona fomu yako anaweza kuuliza kama hao kweli ni wazazi wako. Jibu lake ni cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, kinachopatikana kupitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali. Kisha fuata pasipoti herufi kwa herufi: kilichoandikwa humo kama jina la ukoo ndicho uandike kila fomu, kwa mpangilio ule ule. Kuna sababu nzuri. Namba ya kodi ya Italia, codice fiscale, ina tarakimu na herufi 16, na herufi zake za mwanzo huchukuliwa kwenye majina yako. Ukigeuza majina, unapata namba nyingine kabisa, na benki, bima na chuo havitakuelewa.

5. Apostille kwanza, tafsiri baadaye

Habari njema: Mkataba wa Apostille ulianza kutumika Rwanda tarehe 5 Juni 2024. Muhuri huo mmoja unathibitisha kwamba saini iliyo kwenye hati yako ni ya kweli, na nchi wanachama, Italia ikiwemo, zinaupokea bila kukuzungusha ofisi kwa ofisi. Fuata mpangilio: pata hati halisi, gongesha apostille, ndipo uende kwa mfasiri, ili na muhuri wenyewe utafsiriwe. Ukianza na tafsiri, jiandae kulipa mara mbili. Baada ya hapo chuo kitataka uthibitisho kwamba cheti chako kina hadhi inayotakiwa. Njia ni mbili: hati ya ubalozi iitwayo Dichiarazione di Valore, au tamko la CIMEA, taasisi ya Italia inayolinganisha vyeti vya nje. CIMEA unaiomba mtandaoni bila kupanda basi. Uliza chuo chako kinapokea ipi kabla ya kulipia yoyote.

6. Usikimbilie kulipia mtihani wa Kiingereza

Umesoma chuo kikuu hapa kwa Kiingereza? Kabla hujatoa pesa ya mtihani wa kimataifa, nenda kwa msajili wa chuo chako uombe barua yenye muhuri inayosema masomo yako yote yalifundishwa kwa Kiingereza. Kozi nyingi huipokea, nyingine hukataa, na barua pepe ya mistari mitatu kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa inatosha kukupa jibu. Kama ni mtu wa Kifaransa, una bahati nyingine: Kiitaliano ni ndugu yake wa karibu. Anza na dakika ishirini kila usiku. Darasani utatumia Kiingereza, lakini mwenye nyumba, karani wa posta na mama wa sokoni hawatakufuata huko.

7. Pima nyumba ya baba (kwa futi kamba, ndiyo!)

Kidokezo hiki ndicho chenye pesa, kisome mara mbili. Ada ya vyuo vya umma hutegemea namba iitwayo ISEE, inayokokotolewa kutokana na kipato na mali ya familia. Kwa utaratibu wa taifa, familia yenye ISEE isiyozidi euro 22,000 husamehewa ada ya masomo, zikibaki kodi ya mkoa na stempu. Vyuo vingine vina kiwango maalumu kwa wageni, basi soma ukurasa wa ada wa chuo chako.

Kisha kuna ufadhili wa mikoa, ambao huuombi chuoni bali kwa wakala wa mkoa: ER.GO kwa Bologna, DSU Toscana kwa Pisa na Siena, EDISU kwa Torino. Ukiupata, unaweza kupewa fedha taslimu, chakula cha kantini na kitanda bwenini. Dirisha lake hufunguliwa kati ya Julai na mwanzoni mwa Septemba katika mikoa mingi, wakati wengine bado wanasubiri viza.

Watataka nini? Hati ya wanafamilia, kipato cha kila mmoja, salio la benki, na ukubwa wa nyumba ya familia kwa mita za mraba. Kipato na mali ni vya miaka miwili nyuma: ukiomba 2026, wanatazama 2024. Kwa hiyo Jumamosi moja mshikishe mdogo wako ncha ya futi kamba, mpime sebule hadi jiko, na mzee aulizwe kwa heshima taarifa ya benki ya tarehe 31 Desemba. "Baba, shikamoo, naomba salio lako" ni sentensi ngumu kuitamka. Itamke hivyo hivyo.

8. Hesabu ya viza kabla ya tiketi ya basi

Viza ya masomo ni ya aina ya D. Kwa miaka mingi ubalozi wa Italia mjini Kampala ndio umeihudumia Rwanda pia, kwa hiyo hakikisha ofisi ya kwenda na siku ya miadi kabla hujakata tiketi pale Nyabugogo. Safari ya kupitia mpaka wa Gatuna haina haja ya kurudiwa kwa sababu umesahau picha mbili. Mezani watataka barua ya chuo na uthibitisho wa Universitaly, mahali pa kulala, bima ya afya, na ushahidi wa pesa ya kujikimu, ambayo kwa kawaida ni karibu euro 7,000 kwa mwaka. Barua ya ufadhili huweza kuhesabiwa humo. Panga vyote kwenye faili moja, nakala kwenye faili la pili, na PDF kwenye barua pepe yako. Kwenye taarifa ya benki, pesa zilizoingia zote juzi usiku huzua maswali. Ziache zionekane zikikaa.

9. Kitanda kabla ya begi

Bologna ni mji wa wanafunzi, na vyumba huko hugombaniwa kuliko nyanya za mwisho sokoni Kimironko jioni. Anza na bweni la wakala wa mkoa. Ukilikosa, omba chuo orodha ya nyumba zinazotambulika. Kanuni ni moja: usitume amana kwa mtu ambaye hujaona mkataba wake wala hujamwona mwenyewe kwa video akiwa ndani ya chumba chenyewe. Picha nzuri si chumba. Watafute pia Waafrika Mashariki walioko mji huo. Mkenya au Mtanzania wa mwaka wa pili atakuambia kwa Kiswahili safi mtaa upi ni wa bei ya kibinadamu.

10. Siku nane za kwanza, usilale

Ukitua, una siku 8 za kazi kuomba kibali cha ukaazi. Unaanzia posta, kwenye dirisha maalumu, ambako unapewa bahasha yenye fomu za kujaza. Itunze risiti yake kuliko simu yako. Kibali cha masomo kinakuruhusu kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, kwa hiyo kibarua cha jioni kinawezekana. Bima ya afya ya serikali ilipandishwa mwaka 2024 hadi euro 700 kwa mwaka kwa wanafunzi; linganisha na bima binafsi kabla ya kulipa. Darasani, jiandae kwa mitihani mingi ya mdomo, wewe na profesa uso kwa uso. Alama ni kati ya 30, kufaulu ni 18. Na Bologna kuna mnara wa Asinelli: wanafunzi wanaamini anayepanda ngazi zake 498 kabla ya kuhitimu hapati shahada. Ushirikina? Labda. Lakini nani anataka kujaribu?

Ukimaliza na kurudi nyumbani, shahada hiyo utaipeleka Baraza la Elimu ya Juu, HEC, ipewe ulinganifu wake hapa Rwanda, hivyo tunza kila karatasi tangu siku ya kwanza. Kwa sasa kazi zako za wiki hii ni tatu tu: fungua pasipoti uone mwisho wake, omba cheti cha kuzaliwa kwenye Irembo, na uandike kwenye kalenda tarehe za mwisho za vyuo vitatu. Umuganda wa mwezi huu ukiisha, uwe umezikamilisha. Kila la heri!