SOMO: MAKTABA NI YA WOTE, HATA ASIYEJUA KUSOMA



Watu wengi hapa kambini hupita mbele ya maktaba bila kuingia. Ukiwauliza sababu, mmoja atajibu, "Mimi sikusoma." Mwingine atasema, "Pale ni pa wanafunzi." Mzee atakuambia kwamba macho yake yamechoka. Na yule mwenye jambo linalomsumbua moyoni hatasema kitu, atapita tu haraka.

Somo la leo linawahusu hao wote. Tutaona jinsi maktaba yenye tableti na kompyuta inavyoweza kukupatia habari za afya ya mwili na ya akili. Tutaona pia namna ya kuzipima habari hizo, na namna ya kulinda siri yako unapozitafuta.

1. MAKTABA NI YA NANI?

Mwaka 1949 UNESCO ilitoa tamko juu ya maktaba za umma. Tamko hilo limerekebishwa mara kadhaa, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2022, kwa kushirikiana na IFLA, shirikisho la vyama vya maktaba duniani. Linasema kwamba huduma za maktaba ya umma ni za watu wote kwa usawa, bila kujali umri, kabila, jinsia, dini, uraia, lugha wala hali ya mtu. Linasema pia kwamba walemavu, watu wa lugha nyingine, wasiojua kusoma vizuri na wasiozoea kompyuta wapewe huduma inayowafaa.

Tazama neno "uraia". Mkimbizi hakuachwa nje.

Hata kambini jambo hili si geni. Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières, pamoja na UNHCR, lilipeleka maktaba za masanduku ziitwazo Ideas Box katika kambi za wakimbizi wa Kongo nchini Burundi, zikiwemo Kavumu na Bwagiriza. Masanduku hayo yakifunguliwa hugeuka meza na rafu. Ndani yake mna vitabu, tableti, kompyuta, kamera na vyombo vya kuonyesha sinema. Kuyafungua na kuyapanga huchukua dakika kama 20 tu.

2. MFANO WA MAMA ASIYELALA

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Mtamtambua, maana walio kama yeye ni wengi. Tangu alipokimbia hapati usingizi. Akisikia mlango unagongwa, moyo humwenda mbio. Watoto wakikosea kidogo huwapiga, kisha yeye mwenyewe hulia. Jirani mmoja anasema amerogwa. Mwingine anamwuzia vidonge vya usingizi vilivyofungwa katika kipande cha karatasi, havina jina wala tarehe.

Mama huyu si mwenda wazimu, wala si mtu mbaya. Mwili na akili vya mtu aliyeona mabaya hubaki vimekaa macho hata hatari ikiwa imepita. Anachohitaji kwanza ni habari ya kweli, katika lugha anayoielewa, bila kuaibishwa.

Huko Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini wanaoishi katika vijiji 14 walishiriki katika jaribio la mafunzo ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Katika baadhi ya vijiji wanawake walikaa katika vikundi na kusikiliza kanda za sauti kwa Kiarabu cha Juba, mara tano. Pamoja na kanda walipewa kitabu cha michoro, kwa ajili ya wale wasiojua kusoma. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Katika vijiji vingine wanawake walipewa maelezo mafupi tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Miezi mitatu baada ya mafunzo, wale waliosikiliza kanda walikuwa na mfadhaiko mdogo kuliko wenzao.

Hivyo basi, kujua kusoma hakukuwa sharti. Masikio na picha vilitosha kuanzia.

3. ZOEZI LA KUJARIBU LEO

Mwaka huo huo wa 2020 WHO ilitoa kitabu cha michoro chenye mafunzo ya namna hiyo, ambacho hupatikana bure. Zoezi lake la kwanza ni la kutuliza mtu anapochukuliwa na mawazo kama anavyochukuliwa na maji ya mto. Lifanye hivi:

(a) Tambua kinachokupata. Jiambie kimya, "Sasa nina hofu," au "Sasa nina hasira."

(b) Punguza mwendo. Kanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Nyosha mikono. Toa pumzi polepole mpaka iishe, kisha uvute nyingine polepole.

(c) Rudi mahali ulipo. Tazama vitu vitano vilivyo mbele yako. Sikiliza sauti tatu. Gusa kitu, uone kama ni baridi au moto. Kisha endelea na kazi uliyokuwa ukiifanya.

Zoezi hili haliondoi taabu iliyokuleta huku. Linakupa nafasi ya kupumua ili usimpige mtoto na usikimbilie pombe. Lifanye kila siku, hata siku ukiwa na nafuu.

4. NAMNA YA KUOMBA MSAADA MAKTABA

Huna haja ya kueleza maisha yako. Mwambie mhudumu wa maktaba jambo moja tu: "Nataka habari za kukosa usingizi," au "za kisukari," au "za mama mjamzito." Taja na lugha unayoitaka.

Kama hujui kusoma, uliza kanda ya sauti au picha za video. Kama macho ni dhaifu, uliza herufi zikuzwe. Tableti na simu nyingi za kisasa zina sehemu ya kukuza herufi, na nyingine husoma maandishi kwa sauti. Kama husikii vizuri, omba michoro au video yenye maandishi.

Usiogope pia kukatika kwa mtandao. Ziko programu kama Kiwix ambazo huhifadhi Wikipedia na vitabu vingine ndani ya kompyuta au simu, vikasomeka bila intaneti.

5. SI KILA KILICHOANDIKWA NI KWELI

Mwezi wa Agosti 2014, wakati wa Ebola, ujumbe ulienea kwa simu nchini Nigeria kwamba maji ya chumvi huzuia ugonjwa huo. Watu waliyanywa na kuyaoga. Baadhi waliugua, na vifo viliripotiwa. WHO ililazimika kutangaza kwamba habari hiyo ni ya uongo. Hata mtu anayetaka kuwaokoa ndugu zake anaweza kutuma uongo bila kujua.

Kabla hujaamini habari ya afya au kumpelekea mwenzako, jiulize maswali manne:

- Nani ameisema? Je, ana jina na kazi inayojulikana?
- Ameisema lini?
- Je, anauza dawa anayoisifu?
- Je, mahali pengine panapoaminika pamesema hivyo hivyo?

Ukikosa majibu, usiitume. Iulize zahanati.

6. LINDA SIRI YAKO

Tableti ya maktaba hutumiwa na watu wengi. Uliyoyatafuta asubuhi, jirani yako anaweza kuyaona jioni. Kwa hiyo:

- Tumia spika za masikioni, na kaa mahali ambapo watu hawakutazami kwa nyuma.
- Usiandike jina lako wala namba ya kadi ya mgao ili kusoma habari tu.
- Ukifungua barua pepe au akaunti yako, hakikisha umeifunga kabla ya kuondoka.
- Mwombe mhudumu akuonyeshe namna ya kufuta uliyoyatafuta.

Nanyi mnaohudumu maktaba, msimwulize mtu kwa sauti, "Una ugonjwa gani?" Neno moja likitoka pale, litafika kwenye foleni ya maji kabla yake, na hatarudi tena.

7. MAKTABA SI HOSPITALI

Tableti haipimi damu. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Mjamzito anayetoka damu asikae kusikiliza kanda. Na wewe ambaye umewaza kujiua, usibaki peke yako na wazo hilo. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, akusindikize hospitali au kwa mshauri. Anayekuja kwako na neno hilo usimcheke wala usimhubirie. Kaa naye, na mwende pamoja.

Yule mama wa mfano wetu, akishasikiliza kanda, atajua mambo mawili: kwamba hali yake ina jina na watu wengine wanayo, na kwamba ipo huduma ya kwenda kuiomba. Vile vidonge vya kwenye karatasi anaweza kuvionyesha zahanati kabla ya kuvimeza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni nani asiyefika maktaba? Ni kitu gani kinamzuia: umbali, kazi za nyumbani, ulemavu, lugha au aibu?
2. Mama mwenye watoto wadogo atawaacha na nani kwa saa moja ili asikilize kanda? Mwaweza kupeana zamu?
3. Ni habari gani ya afya mliyoipata kwa simu mwezi huu? Ipimeni kwa maswali manne.
4. Nani kati yenu anaweza kumsomea mwenzake, au kumtafsiria kwa Kirundi, Kibembe au Kifuliiru?

Ndugu msomaji, usiiache karatasi hii nyumbani. Msomee jirani asiyejua kusoma. Kisha msindikize mpaka mlangoni pa maktaba, na uingie naye.