Somo: Tukitumwa ng'ambo, tutembee?



Tulipotumwa Geneva, nchini Uswisi, kwa mkutano wa siku nne, tulibakiwa na alasiri moja. Tukatembea mji. Mbele ya ofisi za Umoja wa Mataifa kuna kiti cha mbao chenye urefu wa mita 12, mguu mmoja umevunjika. Kilibuniwa na Daniel Berset, kikasimamishwa mwaka 1997 ili nchi zitie sahihi mkataba wa kukataza mabomu ya kutegwa ardhini. Kongo yetu ilijiunga nao mwaka 2002. Tulikaa pale kitambo, kimya.

Halafu tukashuka ziwani, ambako maji hurushwa juu mita 140. Huko tulicheka, tukapiga picha. Na picha hiyo ndiyo tuliyotuma nyumbani! Bibi wa mmoja wetu aliipata akiwa kwenye foleni ya bomba na bidoni zake. Akapiga simu: «Baba watoto, huko maji wanayarusha bure?» Hatukuwa na jibu.

Kutembea si kosa. Kosa letu ni kwamba tuliaga kwa neno moja tu, «kazi», kisha tukatuma kicheko.

Tuliporudi tuliketi kwanza na familia, halafu na kamati ya kambi. Tulieleza nani alilipa tiketi, posho ilikuwa kiasi gani, na tuliwasemea nini mkutanoni. Picha zote tulizionyesha. Mama mmoja alishika ile ya kiti, akauliza kama mkataba ule unawataja waliokatika miguu. Unawataja: kifungu cha 6 kinazitaka nchi zenye uwezo zisaidie matunzo yao. Akatuomba tuwaandike wa kambi yake.