Kobe ni Kobe? Porfiri Katika Daftari la Bustani Ndogo ya Wanyama



Kila anayeanza masomo ya falsafa hukutana mapema na Porfiri na maneno yake matano: jenasi, spishi, tofauti, sifa ya pekee, na sifa ya kupita. Tunayakariri, tunayaandika kwenye mtihani, kisha wengi wetu tunayaacha hapo hapo darasani pamoja na chaki. Katika somo hili tunataka kuyatoa nje na kuyapeleka mahali yanapofanya kazi, nako ni kwenye kuorodhesha wanyama wa bustani ndogo ya mtu binafsi.

Mwenye bustani mmoja, mzee tunayemheshimu, aliomba msaada wa kupanga upya orodha ya wanyama wake. Sababu ilikuwa ya kiofisi. Wanyamapori katika nchi yetu si mali ya anayewakuta. Serikali ndiyo mdhamini wao kwa niaba ya wananchi, na anayewafuga anawafuga kwa leseni. Siku ya ukaguzi ni lazima aweze kueleza ana nini, ana wangapi, na wametoka wapi. Padre anayetufundisha mantiki akasema kazi hiyo inatufaa kuliko zoezi lolote la kitabuni, akatupeleka watu sita.

Daftari tulilopewa lilikuwa la shule, lenye mistari, limeandikwa na mhudumu kwa mwandiko mzuri: Kobe 9. Nyani 4. Kasuku 3. Chatu 2. Pundamilia 2. Tausi 6. Mamba 1. Tulipouliza ni kobe gani, mzee alicheka. “Frateri, kobe ni kobe. Mnataka niandike nini zaidi?”

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, na linastahili jibu.

Kobe saba kati ya tisa walikuwa wale tunaowafahamu wote, wenye gamba lililoinuka kama bakuli lililofunikwa, lenye madoa meusi na manjano. Wataalamu humwita Stigmochelys pardalis. Wawili waliobaki walikuwa wamejibana chini ya jiwe hata tukadhani ni vipande vya jiwe lenyewe. Gamba lao ni bapa kama chapati, na ukiligusa unahisi linabonyea kidogo. Huyu ni Malacochersus tornieri, kobe wa miambani, ambaye karibu maskani yake yote duniani ni Kenya na Tanzania. Akishtuka harudi ndani ya gamba na kutulia kama wenzake. Hukimbia, tena kwa kasi ya kushangaza, na kujipenyeza kwenye ufa wa mwamba. Jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini zilimhamishia kwenye Kiambatisho cha Kwanza, maana yake biashara ya waliokamatwa porini imefungwa. Yule wa madoa yumo kwenye Kiambatisho cha Pili, ambako biashara inaruhusiwa kwa vibali.

Basi neno moja, “kobe”, lilikuwa limefunika viumbe wawili ambao sheria inawatazama tofauti, mmoja wao akiwa hatarini kweli. Kwa lugha ya Porfiri, mhudumu aliandika jenasi mahali palipotakiwa spishi. Hakusema uongo. Alisema kweli, ila ukweli mpana mno kwa kazi iliyokuwa mbele yake.

Tuangalie pia lile neno “tofauti”. Wanaoanza mantiki hudhani kwamba tofauti ni kitu chochote kinachomtenga huyu na yule. Siyo. Kobe mmoja wa bustani hiyo ana kovu kwenye gamba. Kovu linamtenga na wenzake, lakini halimfanyi kuwa spishi nyingine. Hiyo ni sifa ya kupita. Ubapa wa kobe wa miambani ni jambo jingine, kwa sababu mambo mengi yanaufuata: wepesi wa gamba, mbio zake, maisha yake kwenye nyufa, hata namna ya kujilinda. Tofauti ya kweli hueleza, haiishii kutenga. Aristotle aliliona hilo mapema. Pomboo anaishi majini na ana umbo la samaki, na bado alikataa kumweka pamoja na samaki, kwa sababu pomboo anapumua hewa, anazaa, na ananyonyesha. Alitazama jinsi mnyama anavyoishi, si anavyoonekana kwa mbali.

Mstari wa kasuku ulikuwa hivyo hivyo. Mmoja alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, Psittacus erithacus, ambaye biashara yake ilifungwa kwa uamuzi uliopitishwa Johannesburg mwaka 2016. Wawili walikuwa ndege wadogo wa kijani wenye kichwa cha rangi ya machungwa, Agapornis fischeri, wenyeji wa kaskazini mwa Tanzania. Tausi hawakutusumbua. Ni Pavo cristatus, asili yake India, na sauti yake haihitaji mtaalamu.

Kwenye nyani ndipo tulipobishana nusu saa nzima. Watatu walikuwa nyani wa njano, Papio cynocephalus. Hapo hapakuwa na shida. Wa nne alikuwa mdogo, mwenye uso mweusi uliozungukwa na manyoya meupe. Mmoja wetu alisema ni tumbili, mwingine akasema kwao anaitwa ngedere, wa tatu akadai kwamba ngedere wa kwao ni mweusi kabisa na huyu hamfahamu. Wote walikuwa wanasema Kiswahili sahihi cha kwao. Jina la kisayansi, Chlorocebus pygerythrus, lilimaliza ubishi bila kumshinda mtu. Hatusemi majina ya Kiswahili yafutwe. Tuliyaandika kwanza, tena yote mawili. Ila tulielewa kwa nini Carl Linnaeus alichagua Kilatini, lugha ambayo wakati wake haikuwa ya kijiji cha mtu yeyote. (Wale wanaolalamika kuhusu vipindi vya Kilatini wazingatie.) Linnaeus naye aliijua kazi hii ya bustani ya mtu binafsi: kati ya 1735 na 1737 alikaa Hartekamp, Uholanzi, kwa tajiri George Clifford, aliyekuwa na bustani kubwa ya mimea na wanyama wa nchi za mbali.

Hapa mwenzetu mmoja alileta pingamizi la wale wanaosema spishi ni majina matupu. Alitaja chatu. Zamani chatu wetu wote wa Afrika wa miambani waliandikwa Python sebae. Baadaye wataalamu waliwatenga wale wa kusini na sehemu za mashariki wakawaita Python natalensis, wakiwatambua hasa kwa magamba madogo madogo ya kichwani. Ikiwa mipaka inahama hivi, si ushahidi kwamba ni sisi tunaoichora?

Pingamizi ni zuri, na hatudhani linaondoka kwa kulipuuza. Ni kweli kwamba orodha inatengenezwa na watu, na watu hurekebisha. Lakini tazama namna wanavyorekebisha. Hawakupiga kura kwa sababu jina jipya linapendeza. Walihesabu magamba, wakalinganisha mahali nyoka hao wanapoishi. Kurekebisha kuna maana pale tu ambapo kuna kitu kinachoweza kukupinga. Anayetunga hadithi harekebishwi na nyoka. Kwa hiyo tunaona ni sahihi zaidi kusema kwamba majina ni yetu, na maumbile yanayotajwa na majina hayo hayakusubiri kutajwa ndipo yawepo. Mstari wa chatu tuliuandika kwa penseli, ukisubiri mtu mwenye ujuzi wa kumshika kichwa. Hakuna frateri aliyejitolea.

Kwamba jina pana linaweza kugharimu, historia ya pundamilia inaonyesha kwa namna ya kuhuzunisha. Afrika Kusini palikuwa na mnyama aliyeitwa kwaga. Kichwa na shingo vilikuwa na milia kama ya pundamilia, lakini kuelekea nyuma milia ilififia na mwili ukawa wa kahawia. Walowezi walimwinda kwa nyama na ngozi, na kwa sababu alikula majani ambayo waliyataka kwa mifugo yao. Tatizo jingine lilikuwa la lugha: watu wengi walitumia neno “kwaga” kwa pundamilia yeyote. Hivyo kila mtu aliyesikia kwamba kwaga wapo wengi, alisikia kweli na kudanganyika papo hapo. Tarehe 12 Agosti 1883 jike mmoja alikufa katika bustani ya wanyama ya Artis, Amsterdam, alikokuwa ameishi tangu 1867. Alikuwa wa mwisho duniani, na siku ile hakuna aliyejua.

Mwaka 1984 kwaga akawa mnyama wa kwanza aliyetoweka kuchunguzwa vinasaba vyake, vilivyotolewa kwenye ngozi ya makumbusho. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata ulionyesha kwamba alikuwa tawi la pundamilia wa kawaida. Na kwa kuwa jina la kwaga, lililotolewa 1785, lilitangulia jina la pundamilia wa kawaida, kanuni za wataalamu zililipa haki jina la kwanza. Ndiyo maana leo pundamilia wote wa Mikumi na Serengeti, pamoja na wale wawili wa mzee wetu, wanaandikwa Equus quagga. Wamerithi jina la ndugu yao marehemu.

Baada ya spishi, daftari linahitaji mnyama mmoja mmoja. Falsafa hupenda kusema kwamba sayansi ni ya mambo ya jumla, lakini anayekula, kuugua na kuibwa ni huyu hapa. Kisiwani Changuu, Zanzibar, kobe wakubwa wa Aldabra waliletwa wanne mwaka 1919 kama zawadi kutoka Shelisheli, wakazaana, kisha wizi ukapunguza idadi yao vibaya sana. “Kobe wengi” hawawezi kufuatiliwa wakiibwa. Kobe namba 14, jike, mwenye kovu upande wa kulia, anaweza. Hapa lile kovu tulilolidharau katika mantiki linapata kazi yake. Basi tuliongeza safu za namba, jinsia, alama za mwili, tarehe ya kuingia, alikotoka, na kifo. Safu ya alikotoka ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa mhudumu aliitunza kichwani mwake tu, na ilibidi tukae naye kwenye benchi hadi jioni akitusimulia mnyama baada ya mnyama.

Kwa nini mafrateri wajishughulishe na haya? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 96, anauliza Adamu alikuwa na haja gani na wanyama pale bustanini, wakati hakuhitaji nguo, wala chakula cha nyama, wala usafiri. Anajibu kwamba aliwahitaji ili apate ujuzi wa maumbile yao kwa kuwaona, na kwamba hilo ndilo linaloashiriwa wanapoletwa mbele yake awape majina. Kutaja jina, kwa Tomaso, ni kazi ya kujua. Mwalimu wake, Mtakatifu Alberto Mkuu, aliandika vitabu 26 juu ya wanyama, na vile vya mwisho ni orodha ya mnyama mmoja mmoja. Swali la 47 la sehemu hiyo hiyo linaongeza sababu nyingine: wema wa Mungu hauwezi kuonyeshwa vya kutosha na kiumbe kimoja, hivyo pungufu la kimoja linajazwa na kingine. Ukikubali hilo, “kobe 9” ni usomaji wa haraka mno.

Padre Armand David, Mfaransa wa Shirika la Misioni la Mtakatifu Vinsenti, hakusoma kwa haraka. Mwaka 1865 alisikia habari za ayala wa ajabu ndani ya bustani ya kifalme ya Nanhaizi, kusini mwa Beijing. Ayala sisi tunamfahamu kwa Zaburi ya 42 kuliko kwa macho, kwani porini kwetu hayupo. Bustani ile ilizungushiwa ukuta, watu wa nje walikatazwa kuingia, na hapakuwa na ayala wa aina hiyo waliojulikana porini popote. Wachina walimwita kwa jina lenye maana ya “wanne wasiofanana”, kwa kuwa sehemu zake nne hukumbusha wanyama wanne na yeye si hata mmoja wao. Maelezo mazuri, ingawa Porfiri angesema yanamweleza mnyama kwa kumzunguka. Padre David alichungulia juu ya ukuta, akawaona, na baadaye akapata ngozi akazituma Paris. Mwaka 1866 Alphonse Milne-Edwards alimwandika kwa jina Elaphurus davidianus.

Kwa kuwa sasa alikuwa na jina, bustani za Ulaya zilimtafuta na kupata wachache. Mwaka 1895 mafuriko yalibomoa ukuta wa Nanhaizi na wengi wakafa au wakaliwa na watu wenye njaa. Vurugu za 1900 zikamaliza waliobaki. Padre David alifariki Paris mwaka huo huo. Kule Uingereza Mtawala wa Bedford alikusanya waliokuwa wametawanyika katika bustani za Ulaya, 18 kwa jumla, akawaweka Woburn, kwenye uwanja wake binafsi.  Ayala wote wa aina hiyo walio hai leo wametoka katika kundi hilo dogo. Mwaka 1985 baadhi yao walipelekwa China wakaachiwa Nanhaizi, ndani ya eneo la bustani ile ile ambayo Padre David alichungulia juu ya ukuta wake miaka 120 kabla.