Kutia Rangi Chane za Mkoma Bila Kuua Miti

Akina mama wengi wa Lopur, Kakuma na Lodwar husuka vikapu kwa chane za mkoma, yaani eengol. Chane nyeupe zikichanganywa na za kahawia na nyeusi, kikapu hupendeza na mnunuzi huvutiwa. Rangi hizo zaweza kupatikana katika magome ya miti yetu wenyewe.

Lakini angalieni jambo moja. Gome la mgunga (ewoi) hutoa rangi nzuri, ila likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa, kwa kuwa chakula kitokacho majanini hushuka mizizini kwa njia ya gome. Mgunga ukifa, mbuzi watakosa maganda yake wakati wa kiangazi. Tena miti ya kando ya mto ina wenyewe kwa desturi ya ekwar, na si haki kuigusa bila ruhusa.

Basi tumieni mathenge. Mti huu uliletwa Turkana miaka ya 1980, nao sasa umeziba mashamba na njia. Gome lake pia lina ukakasi, na ukakasi huo ndio unaoshika rangi. Fanyeni hivi:

1. Kateni matawi, mkijihadhari na miiba. Pondeni gome kilo 2 kwa kila kilo 1 ya chane, mliloweke usiku kucha.

2. Chemsheni saa moja, kisha chujeni. Sufuria isiwe ya kupikia chakula.

3. Lowesheni chane kwa maji safi, ndipo mzitie katika rangi. Ziwe juu ya moto mdogo saa moja, zikae humo mpaka asubuhi. Hapo mtapata kahawia.

4. Mkitaka nyeusi, lowekeni misumari yenye kutu katika siki kwa wiki moja. Tieni siki hiyo kidogo tu katika ndoo ya maji, mchovye chane za kahawia dakika 10. Ikizidi, chane hukatika.

5. Suuzeni, mkaanike kivulini.

Kisha sugueni chane kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikichafuka, suuzeni tena. Maji ya rangi yaliyobaki msimwage. Yatatia chane nyingine rangi hafifu.

Akataye mathenge hupata rangi, kuni na nafasi ya kulima. Abanduaye mgunga hupata rangi mara moja tu.